Maji Yalitangulia Kupita: Madaraja, Meli na Mito ya Thika na Ruiru

Mazungumzo kwa wakazi wa Thika na Ruiru kuhusu sheria za ujenzi juu ya mito



Mada ya leo ni madaraja yanayoziba njia ya maji, na jinsi serikali inavyoyasimamia, kuanzia yale yanayozuia meli. Mtu wa Thika ana haki ya kucheka kidogo. Mto Chania hauna meli. Maporomoko yake pale Blue Posts yangeivunja mashua yoyote kabla nahodha hajamaliza dua. Mto Ruiru hauna hata ngalawa. Sasa meli zimeingiaje katika kikao cha wakazi wa Kaunti ya Kiambu?

Zimeingia kupitia sheria. Kifungu cha 42 cha Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya mwaka 1999, ile ambayo wengi huiita EMCA, kinataja mto, ziwa, bahari na ardhioevu kwa pamoja. Kinasema mtu asijenge, asibadilishe wala asibomoe kitu chochote ndani ya maji hayo, na asiuzuie mto kufuata njia yake ya asili, bila idhini inayotolewa baada ya tathmini ya athari kwa mazingira. Sheria haiulizi kama ni bandari ya Kilindini au ni kijito nyuma ya ploti. Kanuni inayomsimamia mhandisi wa bandari ndiyo inayomsimamia mwenye nyumba za kupanga aliyetupa mabomba mawili mtoni na kumwaga zege juu ili malori ya mawe yafike kwake.

Na kuhusu madaraja yanayoziba njia, Kenya imejifunza mambo makubwa zaidi kwenye maji makubwa. Ndiyo maana safari ya leo inaanzia mbali.

Huko Mbita, Kaunti ya Homa Bay, kisiwa cha Rusinga kimetenganishwa na nchi kavu na mlango mwembamba wa Ziwa Victoria. Maboti yalipita hapo kutoka Ghuba ya Winam kwenda ziwa kuu. Katika miaka ya 1980, mlango ule ulizibwa kwa tuta la mawe na udongo, barabara ikapita juu yake. Watu wa Rusinga walifurahi, na walikuwa na sababu. Mgonjwa alifika hospitalini bila kungoja mashua, na mzigo wa samaki ukafika sokoni kabla haujaharibika. Lakini maji yalisimama. Chombo kilichotaka kutoka ghuba kwenda ziwa kuu kilipaswa kukizunguka kisiwa kizima. Upande mmoja wa tuta maji yakachafuka, gugu maji likapata mahali pa kutulia. Malalamiko yalidumu zaidi ya miaka 30, hadi daraja lenye nafasi chini yake lilipojengwa na kufunguliwa mwaka 2017, maji na maboti yakapita tena.

Ukikaa na kisa hicho utaona kwamba hakuna mwovu ndani yake. Waliojenga tuta walikuwa wanasaidia watu. Hawakukosea kuunganisha kisiwa na bara. Walikosea kuunganisha bila kuacha mlango. Kurekebisha kosa hilo kulihitaji kujenga mara ya pili pale pale, na bili zote mbili zililipwa na mlipa kodi.

Mombasa nayo ina kisa chake. Tuta la Makupa lilijengwa mwaka 1929 kuunganisha kisiwa na bara, na likakata mkondo kati ya hori ya Tudor na hori ya Port Reitz. Kwa zaidi ya miaka 90 maji yalifika pale yakagonga ukuta. Mchanga ukajaa na mikoko ikaathirika, na mvuvi wa upande mmoja hakuwa na njia ya kufika upande wa pili. Mwaka 2022 daraja jipya la Makupa lilifunguliwa, tuta likachimbwa na kuondolewa, na maji kujaa na kupwa kukarudi. Wakazi wa Thika wanaosafiri kwenda pwani hupita hapo kwa dakika moja bila kujua kwamba chini yao kuna mkondo uliofungwa tangu enzi za babu zao.

Cha tatu kinagusa meli moja kwa moja. Mwaka 2020, wakati wa korona, msongamano katika feri ya Likoni ulitisha. Feri hizo hubeba watu zaidi ya laki tatu kwa siku, na serikali haikuweza kuwaacha wakibanana. Likajengwa daraja la miguu linaloelea, kutoka Liwatoni upande wa kisiwani hadi Ras Bofu upande wa Likoni, kwa gharama ya takriban shilingi bilioni 1.9. Lilifunguliwa kwa umma mwanzoni mwa 2021. Shida ni kwamba lilikaa katikati ya njia ya meli. Kwa hiyo lilitengenezwa na kipande cha kati kinachosogea. Meli ilipokuja, kipande kilifunguliwa na watu wakasimama, kisha kikarudi na watu wakapita.

Hapo ndipo swali la usimamizi linapokuwa gumu. Mama anayewahi kazi saa kumi na mbili asubuhi, na meli yenye mafuta ya nchi nzima, nani asubiri? Mtu wa Thika asidhani mvutano huo haumhusu. Nanasi za hapa hutoka kwa meli kupitia Kilindini. Mafuta ghafi ya mawese yanayosafishwa viwandani hapa huingia kwa bandari hiyo hiyo, pamoja na chuma, ngano na petroli ya matatu. Meli ikikaa nje siku moja zaidi, gharama hiyo hupanda lori na kuja hadi dukani.

London walilijibu swali hilo zamani. Daraja la Tower Bridge lilifunguliwa mwaka 1894, na kwa sheria chombo cha majini ndicho chenye haki ya kupita kwanza. Mwenye chombo anatoa notisi ya saa 24, halipi chochote, na magari yanasimama. Mwezi Mei 1997 msafara wa Rais Bill Clinton wa Marekani ulikatwa vipande viwili pale, kwa sababu daraja lilifunguliwa kupisha jahazi la matanga liitwalo Gladys. Walinzi wa rais hawakufurahi. Lakini jahazi lilikuwa limetoa notisi, na msafara haukuwa umetoa.

Marekani kwenyewe waliandika sheria kali zaidi. Sheria yao ya mito na bandari ya mwaka 1899 iliipa serikali mamlaka ya kumwamuru mwenye daraja alibadilishe ikiwa linazuia vyombo kupita salama, baada ya pande zote kusikizwa. Mwenye kukaidi alishtakiwa. Ilionekana baadaye kwamba kumbebesha mwenye daraja gharama yote si haki, hasa ikiwa alilijenga kwa kibali halali wakati meli zilikuwa ndogo. Mwaka 1940 ikatungwa sheria nyingine iitwayo Truman-Hobbs, iliyogawanya gharama. Mwenye daraja alipe sehemu inayolingana na faida atakayopata kwa kuwa na daraja jipya, na serikali ilipe ile inayotokana na mahitaji ya meli. Tangu 1967 kazi hiyo ya usimamizi iko kwa walinzi wao wa pwani.

Sheria hiyo ya 1940 inastahili kuangaliwa kwa makini hapa Kiambu, na mazungumzo haya yatairudia mbele kidogo.

Kabla ya hapo, neno moja kuhusu vitu vinavyokua. Daraja la Francis Scott Key huko Baltimore lilifunguliwa mwaka 1977. Tarehe 26 Machi 2024, meli ya makontena iitwayo Dali ilipoteza umeme usiku, ikagonga nguzo, na daraja likaanguka kwa sekunde chache. Wafanyakazi sita waliokuwa wakikarabati barabara juu yake walikufa. Daraja halikubadilika tangu 1977, lakini meli zinazopita chini yake zilikuwa zimekua. Kibali cha ujenzi hutolewa siku moja, na maji na vinavyopita majini vinaendelea kubadilika.

Sasa turudi nyumbani, maana hapa pia kuna kitu kilichokua.

Ruiru ilikuwa nchi ya kahawa. Barabara nyingi za ndani zilivuka mito kwa kalvati za enzi ya mashamba, zilizopimwa kwa trekta moja na kwa maji ya mvua yanayonywewa na ardhi. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 490,120 katika mji wa Ruiru, na 251,407 katika mji wa Thika. Mahali palipokuwa na mibuni pana mabati, lami na zege. Tone la mvua lililokuwa likizama ardhini sasa linateleza hadi mtoni kwa dakika chache, likiwa limebeba chupa za plastiki, mifuko, matawi na wakati mwingine godoro. Kalvati ni ile ile. Hiyo ndiyo meli ya Ruiru: wingi wa maji na vinavyoelea juu yake, vinavyofika kwenye tundu lililopimwa kwa ajili ya chombo kidogo.

Kinachotokea hapo si kigumu kukielewa. Tawi linakwama mdomoni mwa kalvati. Juu ya tawi unakwama mfuko, juu ya mfuko takataka zaidi, hadi tundu linazibika. Maji yanapanda nyuma ya barabara kama bwawa ambalo hakuna aliyelipanga. Kisha moja kati ya mambo mawili hufuata. Maji yanaingia nyumba zilizo upande wa juu, au yanapita juu ya barabara, yanachimba udongo wa upande wa chini, na tuta zima linaondoka kwa mara moja na kuwafuata walio chini ya mto. Hili la pili ndilo linaloua.

Kaunti hii haihitaji kwenda mbali kutafuta ushahidi. Usiku wa kuamkia tarehe 29 Aprili 2024, katika eneo la Old Kijabe, maji yalikusanyika nyuma ya tuta la reli. Mwanzoni ilisemekana bwawa limepasuka. Baadaye Wizara ya Maji ilieleza kwamba mfereji unaopita chini ya reli ulikuwa umezibwa na vifusi, miti na matope, maji yakajaa nyuma yake, kisha yakapasua njia. Yaliteremka hadi Mai Mahiu na kuua zaidi ya watu 45 waliokuwa wamelala. Reli hiyo haikujengwa kwa nia mbaya. Mfereji wake haukuwa umevunjwa na mtu. Ulizibika tu.

Katika mvua hizo za Machi hadi Mei 2024, zaidi ya Wakenya 200 walipoteza maisha nchini, na serikali ikaamuru wanaoishi ndani ya mita 30 kutoka mitoni wahame. Mazungumzo mengi yalihusu nyumba zilizo kando ya mito. Vivuko vilivyo juu ya mito hiyo havikuzungumzwa kiasi hicho, ingawa kivuko kimoja kibovu kinaweza kuipeleka mafuriko nyumba iliyojengwa mbali kabisa na ukingo.

Nani basi anasimamia kivuko? Jibu linachosha kidogo, lakini mwananchi akilijua hazungushwi. Barabara kuu za kitaifa, Thika Superhighway ikiwemo, ziko chini ya KeNHA. Barabara za kitaifa za mijini ziko chini ya KURA, na zile za mashambani ziko chini ya KeRRA. Barabara za kaunti, kwa mujibu wa Ratiba ya Nne ya Katiba, ni jukumu la serikali ya kaunti. Hao ni wenye barabara. Mto wenyewe unasimamiwa na Mamlaka ya Rasilimali za Maji, WRA, chini ya Sheria ya Maji ya 2016, na mwenye kutaka kujenga mtoni anahitaji kibali chake. NEMA inasimamia mazingira. Kwa hiyo hata kaunti ikitaka kujenga daraja lake, haiwezi kujipa yenyewe ruhusa ya mto. Inaomba kama mtu mwingine.

Kuna jambo linalofanya uratibu huu uwe wa lazima zaidi Thika na Ruiru. Miji hii ni jirani kiasi kwamba matatu huimaliza safari kati yake kabla ya wimbo wa tatu, lakini mito yake haikutani kamwe. Chania huungana na Mto Thika, na Mto Thika huingia Tana, ambao hufika baharini Kipini. Mto Ruiru, na Ndarugu ya Juja, huingia Athi, ambao mbele huitwa Galana, kisha Sabaki, na hufika baharini karibu na Malindi. Takataka iliyotupwa Ruiru na ile iliyotupwa Thika zinaingia Bahari ya Hindi kwa milango miwili tofauti. Uamuzi wa kivuko kimoja katika kaunti hii hugusa watu wa kaunti kadhaa zilizo chini, na ndiyo sababu mto haukuachiwa kaunti moja peke yake.

Sasa lile la 1940, na nani alipe.

Vivuko vingi vidogo juu ya mito ya hapa havikujengwa na serikali yoyote. Vilijengwa na wakazi. Watu walichanga, wakanunua vyuma chakavu na mbao, fundi wa mtaa akachomelea, na watoto wakaacha kuzunguka kilomita mbili kwenda shule. Vingine vilijengwa na wenye ploti waliotaka kuuza mashamba upande wa pili. Kisheria, vyote vilivyojengwa bila kibali viko katika kosa moja. Kwa ubinadamu, haviko sawa. Mwenye ploti alijaza mto mawe ili apate bei nzuri. Wakazi walijenga kwa sababu waliomba daraja miaka na miaka na hawakulipata.

Afisa anayefika na amri ya kubomoa anatimiza wajibu wake, na kama kivuko kimeziba mto, kibomolewe kabla ya mvua. Lakini ukibomoa kivuko cha watoto wa shule na kuondoka, watoto watavuka kwa kukanyaga mawe, na mto ukijaa atapotea mmoja. Kazi iliyoishia hapo ni nusu. Mbita hawakubomoa tuta na kuwaacha watu wa Rusinga upande wao. Makupa tuta halikuondolewa hadi daraja lilipokuwa tayari. Kenya haina sheria kama ile ya Marekani inayosema nani alipe nini kivuko kinapobadilishwa kwa ajili ya maji, na hivyo kila kesi hupiganiwa upya kwenye bajeti. Mahali pa kuipigania ni katika vikao vya maoni ya umma kuhusu bajeti ya kaunti na mpango wa maendeleo wa kila mwaka. Vikao hivyo hufanyika kwa lazima ya kisheria, na mara nyingi viti vyake huwa vitupu kuliko hivi vya leo. Kivuko kisichoandikwa katika mpango hakina pesa, hata kama kila mtu mtaani anakijua.

Kwa mwenye kuona ujenzi mpya mtoni, njia ipo pia. Aulize kibali cha WRA na leseni ya NEMA. Mjenzi halali huwa nazo, na haoni haya kuzionyesha. Asiporidhika na leseni iliyotolewa, anaweza kukata rufaa katika Mahakama Maalum ya Kitaifa ya Mazingira ndani ya siku 60. Anaweza pia kwenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi, na Katiba katika Kifungu cha 70 haimtaki athibitishe kwamba yeye binafsi amepata hasara. Jirani anayeishi juu kabisa ya mlima, ambaye maji hayatamfikia kamwe, ana haki ya kwenda.

Jambo la mwisho ni dogo, na linahitaji kalamu tu. Mhandisi anayepima daraja jipya huanza na swali moja: maji yalifika wapi yalipokuwa mengi kuliko yote? Kutoka kwa jibu hilo anapata urefu wa nguzo na upana wa nafasi ya chini. Vipimo rasmi vya mito midogo ni vichache, na mara nyingi jibu bora liko kwenye ukuta wa mtu. Wenye nyumba karibu na Chania, Thika, Ruiru, Kamiti na Ndarugu ambao bado wana alama ya matope ya mwaka 2024 wasiipake rangi kabla ya kuipiga picha, ukiwemo mlango au dirisha katika picha ili kimo kionekane. Wazee wanaokumbuka mvua za El Niño za 1997 waonyeshe mti au jiwe ambalo maji yalifika. Waandike tarehe, waandike jina la kijiji na la kivuko kilicho karibu, na karatasi hiyo waipeleke kwa msimamizi wa wadi, ambaye kazi yake ni kuifikisha kwa wahandisi wa barabara. Mvua za masika huanza Machi, na michoro huhitaji miezi kadhaa kabla ya hapo.

Sasa ni zamu ya maswali. Mama wa kitenge cha buluu alikuwa ameinua mkono tangu tulipokuwa Mombasa, na aanze yeye.